Bwawa la Kasbullah

Ungemuuliza mtu yeyote wa Tegalwelut ni nani aliyefanya kazi zaidi kwenye ua wa baharini, angekutajia Sukaenah bila kufikiri. Mjane, mwembamba, ulimi mwepesi. Maji yakianza kupwa tu, huyo ukingoni, saruni ameifunga juu ya magoti, anafunga mafungu ya matawi na kuwapitishia wanaume waliosimama baharini maji ya kifua. Mvua inyeshe, jua lichome, mafua yambane, yumo. Watu walimsifu mpaka akaona aibu, na aibu hiyo ilikuwa na sababu yake.

Ua wenyewe si kitu cha kutisha. Safu mbili za nguzo hupigwa topeni, katikati hushindiliwa matawi, juu hufungwa kamba, basi. Wimbi linapita humo likiwa limeishiwa nguvu, na tope lililokuja nalo linaliacha nyuma ya ua. Kule jirani walijenga ukuta wa zege. Bahari iliuchimba miguuni mpaka ukalala. Huu wa matawi uliiachia bahari njia, ila uliitoza ushuru. Kila mwaka wadudu wa baharini walizitoboa nguzo, na kila mwaka watu walipiga nyingine. Nguzo na kamba zililetwa na mradi wa kulinda pwani, chini ya binti mmoja mpole kutoka mjini aitwaye Wening. Migongo iliyouma ilikuwa ya wanakijiji.

Na wafanyeje? Pwani ile ya Demak inazama. Ardhi inadidimia, bahari inapanda, na nani alianza hakuna anayejali tena. Kila baada ya miaka michache watu wanajaza udongo ndani ya nyumba kuinua sakafu, lakini paa linabaki palepale. Mgeni akiingia anainama kama mtu anayeomba msamaha. Mtoto anaambiwa amerefuka, kumbe nyumba ndiyo imefupika.

Sasa ile aibu ya Sukaenah. Nyuma ya ua, chini ya maji, palikuwa na bwawa la marehemu mumewe, Kasbullah. Walilichimba pamoja walipooana. Walikata mikoko kwa mikono yao, maana wakati huo kila mtu alisema mikoko inakula nafasi ya kamba wa kufuga, na kamba hao ndio waliokuwa na bei. Wakajenga kibanda juu ya tuta, wakalala humo miaka ya mwanzo wakilinda samaki, na alfajiri samaki hao, mwatiko, waliruka majini wakawaamsha. Hakuna mahali Sukaenah alipopata kuwa na furaha kama pale. Kisha bahari ikaja ikala tuta moja baada ya jingine. Kasbullah akaenda mjini Semarang kubeba matofali, kifua kikambana huko, akarudishwa amefunikwa shuka.

Kwa hiyo mradi ulipouliza ua upigwe wapi, Sukaenah alisimama akaonyesha kwa kidole.

"Hapa. Tope linapapenda hapa."

Wening akaangalia ramani yake, akapima, akaona kweli panafaa. Ukapigwa hapo hapo. Mjanja yule mama, wee!

Wanakijiji walikutana vilevile kwenye baraza ya msikiti, wakakubaliana kwamba ardhi yoyote itakayorudishwa na bahari haitakuwa bwawa la mtu. Itaachiwa mikoko, iwe ngao ya nyumba. Wote wakainua mikono. Sukaenah aliinua wake juu kuliko wote, kwani siku hiyo nyuma ya ua palikuwa na maji matupu, na kukubali hakukumgharimu kitu.

Miaka ikapita, asubuhi moja maji yakapwa na mgongo wa tope ukajitokeza, mweusi, unang'aa. Wanawake waliuvamia wakicheka, wakazama mpaka magotini, mmoja akaacha ndala yake humo hadi leo. Sukaenah hakucheka. Alitembea akipapasa kwa unyayo mpaka akakanyaga kitu kigumu. Hakumwambia mtu. Alimpigia simu mwanawe Masruri, anayefanya kazi kiwanda cha viatu mjini, akamwambia aje na mianzi minne.

"Mama, una hakika ni hapa?" Masruri aliuliza siku ya mapumziko, tope limemfika mapajani.

"Nipasahau hapa? Lete mkono." Akauzamisha mkono wa kijana mpaka vidole vikagusa. "Nini hiyo?"

"Mbao."

"Msaji huo! Kizingiti cha mlango wa maji. Baba yako aliuza pete yangu akaununua. Nilimnunia mwezi mzima."

Wakapiga mianzi kwenye pembe nne, kila mmoja na kitambaa chekundu juu. Kwa watu wa mabwawa, mianzi minne yenye vitambaa ni zaidi ya hati ya serikali. Hakuna anayeng'oa ya mwenzake, hata mwizi huipita kando. Aliyeipiga ndiye pekee anayeweza kuitoa.

Wiki ile wote walioiona waliinamisha macho wakaendelea na kazi. Wening alijaribu kusema naye.

"Mama Sukaenah, si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana kuhusu ardhi ya bahari. Hii ni ya Kasbullah."

"Miche ya mikoko imeanza kuota yenyewe, Mama, umeiona? Ukichimba itakwenda yote na tope pia. Wimbi litapata njia hadi nyumba za nyuma."

"Litazunguka."

"Litazungukia wapi?"

"Sijui mwanangu, mimi si wimbi."

Wening akacheka bila kutaka, akaenda zake. Sukaenah akabaki akiitazama ile miche. Ilikuwa imezagaa kila mahali, urefu wa kidole, hakuna aliyeipanda. Aliikasirikia.

Jioni akaja Muntamah, dada mkubwa wa Kasbullah, mnene, mwenye kicheko cha kusikika mitaa miwili. Nyumba yake ndiyo ya kwanza nyuma ya bwawa, nyumba ya wazee wao, humo alizaliwa yeye na humo alizaliwa Kasbullah. Alibeba sahani ya tempe, vipande vya soya vya kukaanga, iliyofunikwa jani la mgomba. Sukaenah alipomwona alijiweka tayari kwa vita.

"Hodi kwa tajiri wa kamba!"

"Karibu, wifi. Kama umekuja kugomba, kaa kwanza, usije ukaanguka."

"Nigombe kwa nguvu gani? Kuuleta mwili huu mpaka hapa kwenye vijia vyenu vya mbao ni kazi ya kutwa." Muntamah akakaa, kiti kikalia. "Mianzi nimeiona. Imenyooka sana. Ungemfunga mdogo wangu saruni namna hiyo, asingetembea mjini ameishika kwa mkono."

"Saruni yake ilikuwa inamtoka kwa sababu mlimlea na njaa!"

Wakacheka mpaka machozi. Wakala tempe na pilipili. Kisha Muntamah akafuta vidole.

"Sikuja kukwambia uing'oe. Bwawa la mdogo wangu, mimi ni nani? Nimekuja kuomba kitu kimoja. Siku ya kuchimba, niambie mapema, nifungashe. Nitakwenda kwa binti yangu Semarang."

"Unanitisha, wifi."

"Nani anakutisha? Sakafu nimeinua mara tatu. Nikisimama jikoni boriti inanigonga kwenye paji la uso, tazama. Nikiinua tena nitakaa juu ya paa na paka. Mwaka huu nilipoona lile tope nikasema, alhamdulillahi, nitafia nyumbani. Basi. Likiondoka, na mimi naondoka."

"Na nyumba ya wazee?"

"Nitawaachia kaa."

Alisema hivyo bila uchungu, akachukua sahani yake, akainama mlangoni, akatoka. Sukaenah alikasirika kuliko kama angepigiwa kelele. Angegombezwa, angejua la kujibu. Alimpigia Masruri wakapanga: kuchimba ni siku inayofuata hauli ya Kasbullah, kisomo cha kumkumbuka cha kila mwaka, vijana wa majembe waje asubuhi.

Hauli hiyo ilikuwa na mkosi wake. Kasbullah alifariki mwezi mpevu, na hauli hufuata mwezi, kwa hiyo kila mwaka siku yake iliangukia bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida. Watani walisema marehemu anakuja mwenyewe kula. Ilisomwa baada ya alasiri nyumbani kwa Muntamah, na kila mwaka, kabla tahalili haijafika mwisho, wimbi lilivuka kizingiti. Wanaume waliinuka saruni zimekunjwa, masinia ya wali yakapanda vichwani, watoto wakashangilia, na watu wakakimbilia msikitini kumalizia dua, nusu yao wakapotelea majumbani kuokoa vyombo. Tangu azikwe, dua ya Kasbullah haikupata kuisha ndani ya nyumba aliyozaliwa. Sukaenah hakulisema hilo kwa mtu, lakini lilimuuma.

Mwaka huu watu wakaja vilevile, wakainama mlangoni, wakaweka ndala juu ya rafu kwa mazoea. Mikeka ikatandikwa. Imamu akaanza. Wanawake wakajipanga upande wa jikoni, Sukaenah mbele, sinia la wali lipo miguuni tayari kwa kubebwa.

Walikuwa katikati ya tahalili mtu akanong'ona, "Yanakuja."

Maji yalikuwa yameingia uani. Wanaume wakaanza kukunja saruni huku wanaendelea, la ilaha illallah, kunja, la ilaha illallah, kunja. Muntamah alichukua misahafu akaipandisha kwenye boriti, akajigonga, akaguna. Sukaenah alinyanyua sinia. Maji yakapanda kidato cha chini cha ngazi. Yakapanda cha pili. Yakafika kizingitini yakasimama hapo, yametulia, na majani makavu yanaelea juu yake.

Watu wakangoja wimbi. Miaka yote lililoingia ndani lilikuwa wimbi. Kimo cha maji peke yake hakikuwahi kukivuka kile kizingiti. Leo wimbi lilikuwa linavunjikia kule kwenye mgongo wa tope. Wakangoja. Imamu, jicho moja kwa maji, akavuta pumzi akaingia kwenye dua. Akamtaja Kasbullah kwa jina lake na jina la baba yake. Akamwombea kaburi pana na lenye nuru. Akawaombea aliowaacha. Hakuna aliyeinuka. Akafika mwisho, na nyumba nzima ikasema amina.

Kisha sauti ya mzee mmoja kutoka kwenye kona: "Ala! Sasa leo tutakula tumekaa kama watu?"

Kicheko kikalipuka. Muntamah alikuwa amejifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika, na hakuwa anacheka. Sukaenah bado alikuwa amesimama na sinia mikononi mpaka jirani akamwambia, "Wewe, liweke chini, umelishikia nini?" Akaliweka. Akapapasa mkeka kwa kiganja. Mkavu. Akapapasa tena karibu na mlango. Mkavu pia.

Kesho yake maji yalipopwa, Masruri alifika na vijana wa majembe. Akamkuta mama yake topeni, ameshang'oa mianzi mitatu, anahangaika na wa nne.

"Mama! Unafanya nini?"

"Umesimama tu? Shika hapa, uvute."

"Na bwawa la baba?"

"Baba yako jana ameombewa dua ikaisha. Kwao. Wewe ulipata kuisikia ikiisha?"

Masruri alikanyaga kando ya miche, akashika mwanzi. "Lakini Mama, miaka yote hii umefunga matawi kwa ajili ya bwawa. Ulidhani sijui?"

"Nilichokuwa nakifanya nakijua. Vuta, maneno baadaye."

Wakavuta, mwanzi ukakataa, wakavuta tena, ukatoka na mwanya wa tope ukajifunga nyuma yake. Masruri akaibeba yote minne hadi kwenye ua, akaishindilia pale nguzo zilipokuwa zimeliwa na wadudu. Vijana wakamsaidia, majembe yao wakayatumia kama nyundo, wakinung'unika kwamba wameamshwa kwa kazi nyingine kabisa.

Sukaenah alikaa juu ya kizingiti cha msaji, miguu topeni, miche imemzunguka pande zote. Alikunjua kitambaa chekundu alichokivua kwenye mwanzi, akajifutia uso, akaupaka tope zaidi.

Mlango wa nyuma wa Muntamah ukafunguliwa.

"Wifi!" akaita kutoka juu ya kijia. "Nifungashe au nisifungashe? Sema, maana nguo zangu ziko kambani!"

"Zianue uzirudishe kabatini!"

Muntamah, kwa sauti ya chini ambayo Sukaenah hakuwahi kuisikia kwake, akauliza, "Na bwawa je?"

"Bwawa gani?" alisema Sukaenah. Akajaribu kucheka, akashindwa, akalia hapo hapo topeni kwa sauti kubwa, kilio ambacho hata siku ya mazishi hakukilia. Muntamah akakunja saruni, akashuka kwenye tope na mwili wake wote, akamfuata.