Karatasi ya Miguu Miwili

Nakumbuka Jumamosi moja ya baridi kali, katika mji mdogo wa kaskazini mwa Norwe, niliposhindwa kujibu swali jepesi kuliko yote niliyowahi kuulizwa. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nikifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Leo niko Garissa, ndevu zangu zinataka hina, na wewe, mwanangu, unatafuta viza. Kaa nikueleze.

Wenzangu kazini walikuwa Wafilipino. Sijaona watu wa kazi kama wale. Mzee aliyewatukana walimwogesha kwa upole ule ule waliomwogeshea aliyewashukuru, na zamu ikiisha walipika wali wa sufuria moja wakala pamoja. Aliyewaongoza tulimwita Ate Luz. Ate, kwa lugha yao, ni dada mkubwa. Aliyekuzidi umri humtaji kwa jina tupu. Hilo halikunipa shida, maana hata kwetu ni hivyo.

Chumbani mwake mlikuwa na katoni iliyonifika kiunoni. Aliijaza kidogo kidogo kwa miezi: sabuni, kahawa, soksi, samaki wa kopo, kila kitu kimeandikwa jina la atakayekipokea. Ikijaa ilisafiri kwa meli hadi kijijini kwao. Jumamosi hiyo nikamcheka. "Ate, kwani kwenu hakuna maduka?"

Binamu yake, Rey, akamjibia. "Mwacheni huyu. Kwao hutumiana ngamia, katoni haiwatoshi."

Tulicheka sote. Nikajisifu kwamba mimi hutuma pesa kwa simu, zikafika kwetu Habaswein kabla sijafunga kamba za viatu. Ate Luz alikuwa ameshika karatasi zilizochorwa nyayo za ndugu zake, apate kuwanunulia viatu vya kuwatosha. Akaniuliza bila kuinua kichwa, "Mama yako anavaa kiatu namba ngapi?"

Mwanangu, marehemu baba alinifundisha kusoma mchanga. Ukinionyesha alama za ngamia nitakuambia ni wa nani, amepita lini, na anachechemea mguu upi. Lakini mguu wa mama yangu sikuujua.

Ate Luz akaniambia niagize mchoro wa nyayo za mama. "Miguu yote miwili," alisema. Nikampigia dada yangu Habiba nikamwambia mguu mmoja unatosha, kwa kuwa nilijiona mwerevu. Karatasi ilikuja kwa mkono wa msafiri baada ya wiki kadhaa, ikiwa na mguu wa kulia. Ate Luz aliitazama akanirudishia.

"Nilisema miwili. Mtu hatembei kwa mguu mmoja."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sikujua kwamba guu lenyewe lingekuwa la mama. Nilipiga simu tena kwa kununa. Habiba aliniuliza mara mbili kama ni lazima, kisha akakubali.

Karatasi ya pili ilipofika, Ate Luz aliigeuza akaiweka juu ya ile ya kwanza, akaziegemeza kwenye kioo cha dirisha ili mwanga upenye. Mguu wa kushoto ulikuwa mpana kuliko wa kulia kwa upana wa kidole, na penye kidole cha mwisho mstari ulizunguka kitu kinene, kama kitambaa. Alikuwa ametunza miguu ya wazee wengi. Hakubahatisha jina la ugonjwa. Alisema tu, "Piga simu sasa. Usiulize hali. Uliza mguu."

Kila Ijumaa nilikuwa nikimuuliza mama yangu, Hooyo, hali, naye akinijibu, "Nabad, alhamdulillahi," yaani ni amani, nami nikitosheka. Siku hiyo nilimuuliza Habiba habari za mguu, akalia. Kidonda kilikuwapo tangu Ramadhani. Hooyo alimkataza kuniambia, nisije nikaacha kazi. Kesho yake walimpeleka hospitali Garissa, ikaonekana ni ugonjwa wa sukari. Alipoteza kidole kimoja. Daktari alisema wangekawia kidogo, ungekatwa mguu.

Ate Luz alinunua viatu vipana, laini, pea mbili, akavifunga pamoja na mafuta ya kupaka na kahawa ya kumpa jirani wa Hooyo. Kahawa ya jirani, mwanangu! Mimi nisingeikumbuka. Hooyo alivivaa hadi soli zikaisha, na alitembea miaka tisa zaidi kabla Mwenyezi Mungu hajamchukua.

Basi sikia. Pesa zitume, ni wajibu. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka, na pesa haioni kidonda. Uliza mambo madogo yanayopimika: mama yako anakula nini, analala upande gani, kiatu kinambana wapi. Jibu la "nabad" ni salamu, usilichukue kuwa habari. Na huko uendako, ukiwakuta watu wa visiwa vya Ufilipino, usicheke katoni zao. Kaa karibu ujifunze.

Hooyo alipopata viatu alitaka jambo moja tu: karatasi ya nyayo za yule mwanamke. Nilipomchora Ate Luz mguu wa kulia, alivua soksi ya pili mwenyewe. Ndara za ngozi zilishonwa hapa Garissa, na Hooyo alizikagua zote mbili kabla hazijafungwa.

Nenda, mwanangu. Mungu aisitiri safari yako, akupe huko dada wa kukukemea, na akurudishe ukute nyayo za mama yako bado ziko mlangoni.