Shangazi Haalikwi

Nilinunua nguo ya kuogelea kabla mtu yeyote hajaniambia kwamba nasafiri. Naliweka hili mbele kabisa, maana najua litasemwa tu, na afadhali lisemwe na mdomo wangu kuliko wa jirani.

Mambo yalianza asubuhi moja mdogo wangu wa kiume alipokuja Songea mjini kutoka Namtumbo. Alipita mgahawani kwangu, akanipa shikamoo, akakaa. Binti yake alikuwa anaolewa. Nasema binti yake kwa sababu yeye ndiye baba, lakini tangu darasa la tatu mpaka kidato cha nne mtoto yule alilala kwangu Lizaboni, kitanda kimoja na mimi, kwa kuwa shule za mjini zilikuwa na nafuu na baba yake alikuwa ameshikwa na kilimo cha tumbaku. Alipovunja ungo, mimi ndiye niliyemfunda. Baadaye akaenda Ulaya kusomea uuguzi, akapata mchumba hukohuko, na sasa wenyewe walikuwa wamechagua kufunga ndoa kwenye kisiwa kimoja cha Karibiani, ufukweni, katika hoteli ambayo ukishalipa mara moja basi: kulala, kula, kunywa, kuogelea, hata mwavuli wa kukalia chini yake, vyote vimo.

"Wanatulipia kila kitu, dada," mdogo wangu alisema.

"Mungu mkubwa," nikamjibu. "Tunaondoka lini?"

Akainua kikombe, akanywa chai. Alikunywa taratibu, halafu akaulizia bei ya mchele. Sikuona kitu hapo. Kwetu sisi shangazi haalikwi kwenye harusi ya binti wa ndugu yake. Kumwalika ni kumtukana, ni kumwambia kwamba ulikuwa na uwezo wa kumwacha. Baba akiugua, harusi itaendelea. Mama akifiwa, harusi itaendelea. Lakini bibi harusi hatoki ndani kama shangazi hayupo, kwa sababu yapo maneno ambayo mzazi hawezi kumwambia mtoto wa tumbo lake, na maneno hayo yana mwenyewe. Kwa hiyo mdogo wangu aliponyamaza, mimi nilijua nimeshakaribishwa. Hata mchele nilimtajia bei kwa furaha.

Kilichonisumbua ni ile hoteli. Mimi napika chakula cha kuuza karibu na stendi, na najua sufuria inavyokwisha. Mwalimu mmoja anayekula kwangu kila mchana alinifungulia picha kwenye simu yake: meza ndefu imejaa nyama, samaki, matunda yaliyochongwa maua, na watu waliovaa kaptula wanajipakulia wenyewe.

"Wanapimiwa?" nikamuuliza.

"Hawapimiwi, mama. Unakula, unapumzika, unarudi tena."

Nikamwambia hiyo si biashara, ni msiba. Mimi nikiwaachia hawa wa stendi wajipakulie nyama, kesho yake nauza mabenchi. Watu wakacheka, na tangu siku hiyo kila mteja akawa mshauri wangu wa safari. Mmoja aliniambia nibebe tangawizi, ndege inatapisha. Mwingine alitaka kujua kama mtu anaruhusiwa kufunga chakula cha kurudi nacho nyumbani, na hilo tulilijadili mpaka maharage yakaungua. Nikaenda uhamiaji kushughulikia pasipoti, nikapigwa picha nimetoa macho kama niliyefumaniwa. Mambo ya viza sikuyagusa. Nilijua mtoto anayashughulikia, si wamesema kila kitu kimo?

Kwenda ukweni mikono mitupu ndiko ambako sikukubali. Nikasaga unga wa mahindi mweupe kabisa, nikachambua maharage, nikakausha kisamvu. Mwalimu akaniambia, "Mama, kule chakula kimelipiwa."

"Chakula kimelipiwa," nikasema, "na heshima nani kailipia?"

Nguo ya kuogelea niliipata kwenye mitumba, Majengo. Muuzaji aliona navizia, akaniita kwa sauti soko zima lisikie, "Mama, njoo, ninayo ya heshima, ina mikono!" Nikainunua haraka ili anyamaze. Nilipofika nyumbani nikafunga mlango, nikaivaa, nikajitazama, nikaivua. Nikaamua nitajifunga kitenge juu yake, niingie baharini mpaka magotini, watu wapige picha, basi. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba niliimba peke yangu, mimi ambaye hata kanisani husogeza midomo tu.

Akina mama wa jumuiya yetu wakaniaga. Ilikuwa Jumamosi, baada ya sala, uani kwangu. Walileta doti ya kitenge na kuku, wakaniombea nivuke maji salama, na mwenyekiti akanipa nafasi niseme neno. Ningesema neno moja nikakaa! Nilisimama nikaieleza hoteli kuanzia chumba cha kulala hadi meza ya matunda, nikawaambia tutakula mpaka tukimbie wenyewe, nikawaambia mtoto niliyemlea hakunisahau. Walipiga makofi. Nakumbuka bibi mmoja, mkubwa kuliko sote, alipiga makofi akiwa anatazama chini. Nilidhani ni macho yanamsumbua.

Mtoto alinipigia simu mchana mmoja, wateja wameondoka, mikono yangu imejaa povu la vyombo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Habari za maandalizi?"

Akanieleza. Gauni limekamilika, keki imeshapangwa, hoteli imethibitisha. Kisha sauti yake ikalegea, ile sauti aliyoitumia zamani alipotaka niende shuleni kumwombea ruhusa.

"Shangazi, nina ombi. Baba anaona aibu kukuambia, nikasema acha niombe mwenyewe. Wakija huku yeye na mama, pale Namtumbo patabaki peke yake. Kuna nguruwe, kuna kuku. Ungekubali kwenda kukaa?"

Nilisimama pale povu likinitiririka hadi kwenye kiwiko. Nilielewa yote kwa mara moja: chai iliyonywewa taratibu, bei ya mchele, na kwa nini mdogo wangu hakuwa amerudi tena mgahawani. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, nikaiona hadi miguuni, na ajabu ni kwamba hapakuwa na mtu wa kuniona.

"Ningetamani sana uwepo, shangazi," akaendelea. "Ila chumba ni cha wawili, na wewe na safari ndefu, nikajua..."

"Mimi?" nikamkata. Nikacheka, tena kicheko kikubwa. "Mimi niende wapi na magoti haya? Bahari ya nini? Nenda ukaolewe, mwanangu. Nguruwe nitawalisha."

"Nilijua utasema hivyo," akasema, na nikasikia anavyopumua kwa nafuu. Nafuu yake ndiyo iliyoniuma.

Wiki iliyofuata wateja waliuliza safari lini nikajibu bado, bado kidogo. Mwalimu aliniuliza kama nimefunga mizigo nikamwongezea mchuzi ili ale anyamaze. Pasipoti ilitoka, nikaenda kuichukua, maana kutokuichukua nako kungeleta maswali. Mtu akiwa na aibu anakuwa na shughuli nyingi.

Jumamosi ikafika. Niliwaza kutokwenda jumuiya, lakini asiyefika jumuiya hufuatwa nyumbani kujuliwa hali, na hilo lingekuwa baya zaidi. Ulipofika wakati wa kila mmoja kutoa nia yake, nikasema wasiniombee tena safari. Nikasema, "Sikualikwa. Nilijialika mwenyewe." Nilipanga kulisema kwa mzaha, likatoka vingine.

Hakuna aliyeshtuka. Hilo ndilo lililonitisha. Nikawatazama mmoja mmoja, na kila niliyemtazama akapata kitu cha kurekebisha kwenye kitenge chake. Yule bibi mkubwa ndiye aliyefungua mdomo.

"Tulijua, mwanangu. Wifi yako alimwambia binamu yake hapa."

"Mlijua lini?"

"Kabla ya kukuaga."

"Sasa mbona mliniaga?"

"Ulikuwa umefurahi mno," akasema. "Kila mtu alimwachia mwenzake akuambie."

Najua walifanya kwa huruma, na huruma hiyo nimeshindwa kuwasamehe mpaka leo. Mdogo wangu alininyima safari tu. Wao waliniacha nisimame uani kwangu niwahubirie meza ya matunda, wakapiga makofi. Niliwaambia nitarudisha kitenge. Wakakataa, kwa upole, wote kwa pamoja, na upole ule ukanichoma kuliko kama wangenicheka.

Nilikwenda Namtumbo siku mbili kabla hawajaondoka. Ndani ya basi nilipanga maneno ya kumwambia mdogo wangu, makali, ya kumtosha yeye na wajukuu zake. Lakini nilipoingia uani alikuja kunipokea mzigo, akasema shikamoo dada, wala hakuinua uso. Alikuwa amekonda. Nikaona kwamba naye amebeba yake tangu siku ile ya chai, na nikisema neno moja tu ataacha safari, abaki hapo na nguruwe, na mtoto atasimama ufukweni bila baba. Nikayameza. Nikamuuliza pumba ziko wapi.

Asubuhi ya safari, gari likiwa linasubiri barabarani, wifi yangu alinivuta jikoni. "Wifi, yale maneno ya kumwambia bibi harusi, nifundishe mimi nikamwambie." Alikuwa analia. Nikamwambia akifika ampe mtoto simu tu, mengine yatajulikana. Sikuamini kama yatajulikana, ila ilibidi gari liondoke. Nikawabariki wote wawili mlangoni, wakapanda, wakaenda.

Mchana nikiwa nasafisha banda, alikuja mwanamke aliyehamia karibuni ng'ambo ya barabara, kununua mayai. Alikuwa mchangamfu, wa kupenda habari. Akaniuliza kama ni kweli wenye nyumba wamekwenda kumwoza binti ng'ambo, mahali ambapo mtu anakula bila kulipa.

"Ni kweli," nikasema.

"Wana bahati! Na wewe mama, ni nani kwa bibi harusi?"

Nilisimama na ndoo ya pumba mkononi. Jibu lilikuwa neno moja, neno ambalo nimetembea nalo maisha yangu yote kifua mbele. Lakini nililiona swali litakalofuata, nikaona jinsi atakavyonitazama mimi, kisha banda, kisha mimi tena.

"Mimi nimeajiriwa hapa," nikamwambia. "Naangalia nguruwe."

Akasema pole na kazi, akachukua mayai yake, akaomba wakirudi niwasalimie. Nikamwambia nitawasalimia.