Nyumba ya Mabati Mekundu, Pita Nyuma

"Ukiiona nyumba ya mabati mekundu, pita nyuma yake, katikati ya migomba. Usisimame. Kuna kikongwe atakuita ule. Ukikubali, siku yako imekwisha."

Maneno hayo nimeyahifadhi. Mwandishi wake aliyaandika kwa Kiingereza kwenye ukurasa wake wa mtandao, chini ya picha yake mwenyewe akining'inia kwenye mwamba niliomwonyesha mimi. Nimeyaweka hapa kama nilivyomtafsiria mwenye nyumba, neno kwa neno, bila kupunguza makali. Nyumbani wananiambia nina kinyongo cha ngamia. Sikatai. Wengine wanasahau wakishalala usingizi. Mimi nikilala naamka nacho, tena kimenona.

Mimi ni fundi cherehani, Mnubi wa Namakwekwe, pale Mbale, mashariki mwa Uganda. Nashona gomesi za harusi, zile kanzu za kike zenye mabega ya kuchongoka, sare za shule, na mapazia ya watu wasiolipa kwa wakati. Siku za mapumziko nakwea miamba. Nilifundishwa na mwalimu mmoja wa kigeni aliyekuja kusomesha mjini kwetu, akaondoka akaniachia kamba, mshipi wa kiunoni na viatu vya kukwelea vilivyonizidi kidogo. Mama yangu mzazi alilia alipoviona. Alidhani mtu anayejifunga kamba ana mawazo mabaya.

Baada ya mwalimu kuondoka nilizunguka vijiji vya mlima Wanale nikitafuta mwamba wangu. Niliupata nyuma ya shamba la kahawa la mama mmoja mjane. Jiwe zuri, kavu, lenye ufa mmoja mrefu unaoanzia chini, mpana wa kuingiza bega, halafu unabana na kubana mpaka juu kabisa unabakiza nafasi ya ncha za vidole tu. Hapo juu ndipo nilipokuwa nashindwa. Kila safari nilidondoka palepale, nikaning'inia kwenye kamba kama kuku wa sokoni, nikarudi Mbale kushona huku vidole vinawaka moto. Sikuwa nataka kitu kingine duniani kama kuumaliza ufa ule bila kudondoka. Hayo mengine, ndoa na nini, nilisema yatangoja.

Ardhi yote, kuanzia nyumba yake ya mabati mekundu mpaka mguuni pa mwamba, ni ya yule mama. Marehemu mumewe alikuwa askari magereza, na mama mwenyewe Kiswahili chake alikipata kwenye nyumba za askari, kwa hiyo ni Kiswahili cha amri. Siku ya kwanza aliponiona nimebeba kamba begani aliniuliza kama nimekuja kuiba ng'ombe. Nikamweleza. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni, akanyoosha kidole kwenye kigoda.

"Keti. Kula."

Alinipa ndizi na malewa, yale machipukizi ya mianzi yanayokaushwa kwa moshi, yamepikwa kwa karanga mpaka mchuzi ukashika kijiko. Nikala. Nilipomaliza akaniambia sheria ya nyumba yake, ambayo ni moja tu: aliyekula kwake ana njia. Shamba lake si barabara, lakini mtu aliyekula chakula chake si mpita njia tena. Kuanzia hapo kila nikienda nilikula kwanza, halafu nikakwea na tumbo zito. Nilizoea. Niliwahi kumwomba nile baada ya kukwea, akaniambia mgeni anayekula wakati wa kuondoka ni mgeni wa hotelini.

Sasa nije kwa bwana wa Jinja.

Nilikutana naye Nalufenya, mtaa wa hukohuko Jinja, nilipokwenda kumpelekea mteja nguo. Alikuwa anapeleka watalii kwenye mto, na siku ambazo mto haukumfaa alikuwa anatafuta cha kuwafanyia. Alikuwa mtoto wa mwanajeshi, amekulia kambini. Kule Jinja ukianza kusema Kiswahili dukani watu wazima wanakukazia macho, wanakumbuka mambo yao ya zamani, ya askari waliowaamrisha kwa lugha hiyo. Sisi wawili tulikipiga bila haya, yeye kile cha kambini, mimi cha Kinubi. Akaniita dada, nikamwita kaka. Alikuwa anajua kukwea, tena vizuri kuliko mimi, hilo nalisema huku nimekunja uso. Nikampenda kama ndugu. Nikamwambia nina mwamba.

Nilipompeleka, mama hakuwepo. Alikuwa amekwenda msibani kijiji cha pili, nyumba imefungwa. Tukapita, tukakwea, na nilipokuwa namshikia kamba nilimweleza kila kitu: wapi panateleza, wapi pana nyuki wakati wa kiangazi, kahawa inaanikwa upande gani usije ukaikanyaga. Nikamweleza na sheria. "Safari ijayo utakula kwanza," nikamwambia. Akacheka. Akasema wageni wake wanalipa kwa siku, si kwa sahani. Na mimi nilicheka naye. Nilidhani anatania.

Safari ijayo alikuja bila mimi. Alikuja na gari limejaa, na baada ya hapo gari jingine, na ukurasa wake ukaanza kuleta hata watu asiowajua yeye mwenyewe. Walipita nyuma kama walivyoelekezwa. Mama alikuwa anatoka kwenye jiko lake, amebeba sufuria, anawaita waketi, nao wanampungia mkono na kuendelea kwenye migomba. Mmoja alimpiga picha. Walikanyaga kahawa iliyoanikwa. Lakini jirani yake aliniambia kahawa haikumuuma sana. Kilichomuuma ni sufuria. Alikuwa anapika chakula kingi kila akisikia gari, halafu jioni anawapa mbwa.

Mwisho akafunga. Nilifika siku moja nikakuta miiba imerundikwa kwenye njia mpaka usawa wa kifua, na mama amekaa mbele yake kwenye kigoda kilekile.

"Rudi," akaniambia.

"Mama, ni mimi."

"Wewe ndiye ulileta. Rudi. Hata wewe."

Nilirudi. Njia nzima ya kushuka nililia kwa hasira, nikiwa nyuma ya boda boda, na dereva akadhani nimefiwa akanipunguzia nauli.

Nikampigia kaka yangu wa Jinja. Nilianza kwa upole kabisa. Nikamwomba aufute ukurasa, aje kumwomba mama radhi. Akaniambia, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, "Dada, mwamba si wa mtu. Habari ni za wote. Ukificha jiwe unamficha nani?" Nikamwambia sikuficha jiwe, nilimwonyesha mlango naye akaingilia dirishani. Akacheka kicheko kilekile. "Tafuta jiwe jingine, dada. Uganda ina mawe."

Hapo ndipo niliposema, Wallahi, huyu nitamshughulikia. Nilishona wiki nzima nimekunja uso. Nilifikiria kumpeleka polisi. Afande gani atafungua jalada la malewa? Nilifikiria kumwambia uongo, kwamba nyuki wamehama, nimwache akutane nao. Hilo nililifikiria kwa muda mrefu kidogo, na lilinipa raha. Lakini nilijua kitu kibaya zaidi ya nyuki, nacho kilikuwa ndani ya simu yangu.

Nikapanda tena kwa mama. Sikuomba njia. Nilisimama nje ya miiba nikamwambia nataka kumsomea alichoandikiwa. Nikamsomea. Nilipofika kwenye "kikongwe" nikainua sauti. Nilipofika kwenye "siku yako imekwisha" nikatulia, nikamwangalia usoni.

Alichukua fimbo yake akachora-chora chini. Akaniambia nisome tena, nikasoma tena, taratibu kuliko mwanzo.

"Anasema nachelewesha watu," akasema.

"Ndivyo anavyosema, mama."

"Kwa chakula."

"Kwa chakula."

Akaitikia kwa kichwa mara nyingi, kama mtu anayepima nguo akaona inamtosha. Kisha akaniambia, "Mwite. Aje na wageni wake. Wote."

Nilimpigia palepale, na sauti yangu siku hiyo ilikuwa asali. Nikampaka mafuta kwa mgongo wa chupa: kaka, mambo yameisha, mama ameondoa miiba, anataka kukukaribisha rasmi, njoo na kundi lako. Akasema alijua tu nitatulia. Nikamwambia ndiyo, nimetulia.

Walifika asubuhi nzuri, mlima wote uko wazi, jiwe linang'aa kwa ukavu. Wageni wake walikuwa wamevaa mishipi tayari, vyuma vinagongana viunoni. Mama alikuwa amevaa gomesi yake ya kanisani. Kando yake alikaa mwenyekiti wa kijiji, na kando ya mwenyekiti mchungaji, na wazee wengine wamepanga viti mpaka kwenye kizingiti cha njia. Hapakuwa na pa kupita bila kumruka mzee.

"Keti," mama akasema.

Bwana wa Jinja akanitazama. Nikamchekea kwa meno yote.

Mchungaji aliomba. Aliombea wageni, barabara, serikali, mvua, kahawa, na wagonjwa wa parokia nzima. Mwenyekiti akakaribisha, na kila mzee akakaribisha baada yake, nami nikawa natafsiri, na sikuwahi kutafsiri kwa ukamilifu namna ile. Ndipo chakula kikaja. Ndizi, malewa, maharage, viazi, kuku wa kienyeji mgumu wa kutafunwa kwa subira. Mama akaniambia mimi ndiye nipakue. Nikapakua. Sahani ya bwana yule niliijaza mpaka mchuzi ukagusa kidole gumba changu, na kila ilipopungua nikaijaza tena kabla hajameza.

"Ongeza," mama alisema. "Ongeza huyo."

Mgeni mmoja alijaribu kusimama, akaelezwa kwamba hasimami mtu mwenyekiti akiwa bado anakula. Mwenyekiti alikuwa anakula mfupa mmoja kwa adabu kubwa. Ikaja chai ya maziwa. Yakaja mahindi ya kuchemsha. Niliona jasho kwenye kipaji cha uso wa kaka yangu, na macho yake yakipanda kwenye jiwe na kushuka. Baada ya adhuhuri Wanale ilivaa wingu lake, kama inavyofanya msimu ule kila siku, na sote pale tulijua ila wale wageni. Yeye alijua. Alikuwa anatafuna huku anahesabu ngurumo.

Mvua ilipopiga mabati mekundu hatukusikiana tena. Ilikwisha baadaye, na mwamba wote ulikuwa unachuruzika maji kama ukuta wa bafu. Wageni wake wakaanza kuvua mishipi kimyakimya. Mmoja akamuuliza kuhusu pesa zake.

Hapo mama akamwinamia, akamuuliza kwa upole ambao sikuujua anao, "Mmechelewa?"

Alielewa. Niliona neno linavyomwingia, kutoka masikioni mpaka shingoni, na shingo ikainama. Alinitazama mimi, si mama, na sikushusha macho. Alisema samahani. Alisema kwa Kiswahili, tena si kile cha kambini. Mama akamwambia aandike upya, palepale, naye akaandika na vidole vyenye mafuta ya kuku: simameni kwenye nyumba ya mabati mekundu, kuleni kwanza. Nilikuwa nimeshiba ushindi. Nilisubiri neno la mwisho tu, lile "rudi" nililoambiwa mimi, nisikie linavyomwangukia na yeye.

Mama alisimama, akajipangusa mikono kwenye gomesi.

"Kesho jiwe litakauka," akamwambia. "Kuja asubuhi. Njia ipo."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamvuta mama jikoni, nikamwambia huyu ndiye aliyekuita kikongwe, huyu ndiye aliyefanya chakula chako kiliwe na mbwa. Akaniangalia kama mtu anayeulizwa jina lake.

"Amekula kwangu," akasema. "Si wewe ndiye ulimpakulia?"

Nilitoka nikakaa kwenye kigoda na mwiko mkononi.

Siku hizi anakuja mara kwa mara kutoka Jinja. Mama anamwita mwanangu. Ufa wangu aliumaliza kabla yangu, asubuhi moja kavu, mimi nikiwa nimemshikia kamba kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine, na mikono yangu ilikuwa mwaminifu ingawa moyo haukuwa. Mimi bado nadondoka palepale. Njia ninayo, miiba iliondolewa na kwangu pia, na ukurasa ule sasa umeandikwa vizuri, na jina lake lipo juu.

Lakini tukifika mezani mimi ndiye ninayepakua. Mama hajabadilisha hilo. Naijaza sahani yake, naijaza tena, namwambia kula kaka, ongeza kaka, halafu nageuka nyuma kidogo kutazama kama wingu limeanza kushuka.