Mchele Nilioudundisha Mbele ya Kamera

"Kitu gani kikitokea, utakubali kwamba umekosea?"

Rafiki yangu Nasra aliniuliza hivyo tukiwa tumesimama nje ya duka la vitenge la mama yangu, Kariakoo, wapita njia wakitupiga vikumbo. Mimi mwenye digrii, niliyezoea kuwabana wahadhiri kwa maswali mpaka darasa zima ligune, nilibaki mdomo wazi. Halafu nikamtukana.

Nimekosa. Naanza na hilo ili usisome mbele ukitafuta mtu mwingine wa kumlaumu. Huruma yako siitaki. Nataka ujue ilivyokuwa, maana wapo wengi kama nilivyokuwa mimi, na baadhi yenu mnanisoma hapa huku mmeshaanza kubisha.

Nilimaliza chuo nikakaa bila kazi. Asubuhi naenda dukani kumsaidia mama, nakaa kwenye stuli, nashika simu. Ndivyo nilivyoingia kwenye grupu moja lililoitwa Fumbua Macho. Humo kila kitu kilikuwa na siri nyuma yake. Umeme ukikatika, kuna mtu kaamua. Mafua yakizidi mjini, yameletwa. Aliyelianzisha alijiita Kamanda. Hakuna aliyewahi kuiona sura yake, na hatukuona ajabu, sisi tuliojisifu kwamba hatuamini kitu bila kukiona.

Nilipapenda, acha niseme ukweli. Mtaani nilikuwa msichana asiye na ajira ambaye hata kukunja vitenge hajui vizuri. Mle ndani waliniita Dokta, kwa sababu niliandika sentensi zilizonyooka na nililitumia sana neno "ushahidi". Haikupita muda wakanifanya msimamizi.

Kisha ikaja habari ya mchele. Kwamba kuna wakubwa wanapitisha mchele wa plastiki bandarini, wakishirikiana na wafanyabiashara wa jumla wa Kariakoo, ili vijana wadhoofike na wasipate nguvu ya kudai chochote. Watu walituma klipu kutoka kila kona: wali unafinyangwa tonge, unapigwa chini, unadunda kama mpira.

Mwanachama mmoja aliyejiita Mpishi akauliza, "Jamani, plastiki ni ghali kuliko mchele. Nani ataagiza meli nzima ya hasara?"

Nikamjibu mbele ya wote, "Chawa wa wakubwa kaamka. Umelipwa bando tu, au na chai?"

Wakacheka mpaka skrini ikajaa. Nikamtoa kwenye grupu kabla hajajibu.

Basi siku moja nikapika wali nyumbani kwetu Magomeni. Mimi na mama tulikuwa tumekwenda msibani Mbagala, nikatangulia kurudi, yeye akabaki. Ndoo ya mchele niliikuta imejaa. Mama alikuwa ananunua kwa mtu mmoja tu, Mzee Awadhi, baba yake Nasra, kwa hiyo nikajua kabla hatujaondoka alipita kwake. Nikapika. Wali ukatoka mzito, umeshikana, unang'ang'ania mwiko.

Nikafinyanga tonge. Nikalipiga sakafuni. Likadunda.

Sikuogopa hata kidogo. Nilifurahi. Nilifurahi kama mtu aliyepata kazi. Nikaegemeza simu dirishani, nikarekodi. "Hii si klipu ya kutumiwa," nikasema. "Huu ni mchele wa hapa hapa mjini, na mimi ndiye niliyeupika." Nikataja mtaa. Nikataja duka.

Uelewe nilikuwa nataja duka la nani. Nasra na mimi tumesoma pamoja tangu shule ya msingi. Kwao ni Upanga, na kila Ramadhani nilikuwa nafuturu kwao ingawa mimi ni Mkristo. Mama yake alikuwa ananitengea tambi kwenye bakuli la peke yangu kwa sababu alijua nazipenda. Mzee Awadhi aliniita "binti yangu wa Kichaga", na akiniona napita Kariakoo lazima aniulize kama nimekula.

Mama aliporudi kutoka msibani, klipu ilikuwa imeshafika kwenye simu za wapangaji wote wa nyumba yetu.

"Umemwaga maji mengi, basi," aliniambia. "Futa huo uchafu."

"Mama, nyie mmezoea kudanganywa, ndiyo maana mnaona kawaida."

"Na wewe nani anakudanganya? Si huyo Kamanda wako asiye na sura?"

Sikufuta.

Kesho yake mbele ya duka la Mzee Awadhi palijaa watu, na hawakuwa wateja. Nikaenda na simu yangu, nikasimama nyuma. Mzee alikuwa barazani ameshika bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchomea gunia ili kuvuta mchele wa kumwonyesha mnunuzi. Alikuwa anachoma gunia moja baada ya jingine, anamimina kiganjani, anatupa mdomoni, anatafuna.

"Njooni mtafune," alisema. "Plastiki inatafunika hivi?"

"Mzee, meno yako yenyewe ya plastiki, utajuaje?" mbeba mizigo mmoja alidakia, na umati ukaangua kicheko. Na mimi nikacheka.

Akawasha jiko la gesi pale pale barazani. Akachota mchele kwenye gunia walilomchagulia wenyewe, akapika watu wakimtazama. Ukatoka punje kwa punje. Akamwomba mama mmoja afinyange tonge. Likamomonyoka mkononi mwake. Nilikuwa nimesimama pale. Nililiona kwa macho yangu likimomonyoka.

Nikaandika kwenye grupu: "Amebadilisha gunia."

Hakuna aliyeniuliza nimejuaje. Kufika jioni, mabishano hayakuwa tena ya mchele. Yalikuwa ya ngozi yake. "Mwarabu arudi kwao." Kwao wapi? Babu yake amezikwa Kisutu, yeye mwenyewe amezaliwa hapa hapa, Kiswahili chake kinakishinda cha Kamanda mara kumi. Nilikuwa msimamizi, ningeweza kuzifuta zile jumbe kwa kidole kimoja. Nikajiambia huo ni uhuru wa maoni. Ya Mpishi sikuyaita uhuru wa maoni.

Wakaja maofisa wa serikali, wakachukua mchele wakaupime. Majibu yakatoka: mchele. Hapo ndipo Nasra aliponifuata dukani kwa mama. Alikuwa amebakiza siku chache tu aolewe, mikono ina hina, na hakunisalimia.

"Maabara imesema ni mchele."

"Maabara ya nani?"

"Baba kapika mbele yako. Nimekuona kwenye klipu, ulikuwepo."

"Kabadilisha gunia."

"Ulimwona akibadilisha?"

"Sikuhitaji kumwona."

Akaniangalia kama anavyoangaliwa mgonjwa. Ndipo akaniuliza lile swali: kitu gani kikitokea, utakubali kwamba umekosea?

Nikatafuta. Naapa nilitafuta. Maabara? Tumeshaikataa. Macho yangu? Nimeshayakataa. Nilipoona hamna kitu, nikachukia, nikamwambia, "Wewe mtoto wa mwenye duka utasema nini? Hata ada yako imelipwa na plastiki hiyo hiyo."

Mama alisikia kutoka ndani. Kitenge kikamdondoka.

"Usije kwenye harusi yangu," Nasra akasema. Akaondoka.

Sikwenda. Harusi ilinifuata kwenye simu. Baadaye nilisikia kwamba ndugu walimshauri Mzee Awadhi anunue mchele wa pilau duka lingine ili kuepusha maneno, akakataa. Alisema mtu anayeuza mchele hawezi kumlisha mgeni wake mchele wa mwenzake. Akapikisha wake.

Wageni wakala nyama, wakaacha wali.

Klipu iliyotumwa grupuni ilionyesha masinia yamekaa na pilau lake, nyama imechokonolewa yote. Wanawake wawili waliovaa madera ya sare wanafinyanga matonge ya pilau, wanayapiga kwenye sinia, wanacheka mpaka wanalaliana. Pembeni ya picha anaonekana mzee wa kanzu nyeupe, ameshika birika la kunawisha wageni mikono. Anaangalia.

Ile klipu nikaibandika juu ya grupu ili kila anayeingia aione kwanza. Nikaandika chini yake, "Wananchi wameamka."

Kosa langu ni hapo. Ile klipu ya kwanza ningeweza kuisingizia ujinga. Hii ya pili nilimwona mzee, nikamtambua, nikabandika.

Duka likafungwa. Wapishi wa shughuli waliokuwa wanachukua magunia kwake walihama mmoja mmoja, si kwa sababu waliamini, ila kwa sababu walichoka kuulizwa na wateja wao. Siku hizi pale wanauza makava ya simu.

Nilikuwa napita pale kila asubuhi, na kila nikipita swali la Nasra linanirudia. Mwisho nikaandika grupuni kwa adabu zote: "Hivi kuna mtu amewahi kukiona kiwanda kinachotengeneza huo mchele wa plastiki? Hata picha ya geti?"

Kamanda akajibu, "Dokta, nani kakununua?"

Halafu wakaanza. Chawa. Msaliti. Kuna aliyekumbuka maneno yangu mwenyewe, akaniuliza kama nimelipwa bando tu au na chai. Nikatolewa, lakini hawakuishia hapo. Picha yangu ikasambaa, na jina la duka la mama. Wakaanza kuja watu dukani wanashika vitenge, wanavinusa, wanauliza kwa sauti kama ni kweli rangi yake inaleta ugonjwa wa ngozi. Mama akiwajibu wanasema, "Si lazima utetee bidhaa yako?"

Siku moja mteja wake wa miaka mingi aliposema atarudi baadaye na tukajua harudi, mama alikunja kitenge kile polepole, akasema, "Umeonja sasa."

Nikaenda Upanga kuomba radhi. Nilimkuta Mzee Awadhi chini ya ghorofa lao, anatoka msikitini.

"Shikamoo, Baba."

Akasimama. Akaniangalia usoni. Nikangoja. Wewe umekulia nchi hii, unajua mtu mzima anavyolazimika kuijibu shikamoo hata akiwa amekasirika vipi, hata ikitoka kwa mtoto wa adui yake. Mzee Awadhi hakuijibu. Akapandisha ngazi, na mimi nikabaki na salamu yangu.

Mama yake Nasra akafungua dirisha la juu. "Nenda kwenu, binti," akasema. "Hapa hamna mchele wa kukupa ukadundishe."

Nasra hapokei simu yangu mpaka leo. Ana mtoto. Nimejua kwa watu.

Sasa wewe uliyemo kwenye grupu lako, usiniambie unahoji kila kitu. Najua hayo maneno, nilikuwa nayaandika kila siku. Mhoji Kamanda wako kwanza uone utakaa humo mpaka saa ngapi. Na kabla hujatuma klipu yenye jina la mtu ndani yake, jibu lile swali la Nasra. Jibu kwa sauti, peke yako. Ukikosa kitu hata kimoja cha kukubadilisha mawazo, ujue huchunguzi chochote, unashabikia tu, na kuna mtu mahali ameshika birika anakuangalia.

Kwa muda mrefu nilijifariji na jambo moja dogo: kwamba hata kama haukuwa plastiki, angalau mchele wa Mzee Awadhi siku ile ulikuwa mbaya. Kwamba wali wangu ulishikana kweli, sikuutunga. Nililishika hilo kama mtu anayezama anavyoshika jani.

Mwaka huu shangazi yangu, dada yake baba, alitutembelea kutoka Moshi. Simu yake ni ya kitochi, na klipu yangu hajawahi kuiona. Tulikuwa tunakula, akauliza katikati ya mazungumzo kama anayeulizia hali ya hewa, "Hivi ule mchele wangu mliuonaje?"

"Mchele gani?" mama akauliza.

"Jamani! Ile safari niliyokuja kumwangalia mgonjwa, nikapita hapa nikaambiwa mko msibani Mbagala. Jirani yenu akanifungulia jikoni, nikakuta ndoo tupu, nikawamwagia. Nikasema mtauona wenyewe, zawadi ya shamba haipigiwi simu."

Mama akaniangalia. "Mimi niliporudi nikakuta ndoo imekaribia kujaa," akasema. "Nilidhani wewe ndiye uliyenunua."

"Ulikuwa umetoka kuvunwa, bado mbichi," shangazi akaendelea, anajimiminia mchuzi. "Mchele mpya ule unashikana mno, ukikosea maji kidogo tu unakuwa kama ugali. Nilisahau kuwaachia maagizo."

Mchele nilioudundisha mbele ya kamera haukupita bandarini, na haukutoka dukani kwa Mzee Awadhi. Ulitoka kwenye jaruba la shangazi yangu, Moshi Chini, na mpunga wake aliupanda kwa mikono yake.