Kimya cha Fundi Mapazia

Ndugu wa mke wangu wanasema ameota mapembe tangu ajiajiri. Mimi ni mkwe tu, na mkwe hana kiti kwenye mambo yao, lakini hili limenikwama kooni.

Mke wangu anashona mapazia. Zamani alishonea kiwandani, cherehani yake imebanana na za wenzake, umbea na kazi vikienda pamoja. Alipohamia chumba chetu cha nyuma, kilichomtesa kilikuwa upweke. Akaiweka simu juu ya meza ya kukatia, na kila ikilia anaiinamia. Siku moja alikata kitambaa cha mteja kikaacha nusu ya dirisha wazi, kisa binamu yake ametuma ua la "asubuhi njema" na ukoo mzima umeona lazima ujibu kwa maua.

Basi akaipanga simu kama anavyopanga nyuzi zake. Juu kabisa akaweka kundi la mafundi wenzake, ambao saa ya chai hutumiana sauti na kucheka kana kwamba bado wamekaa benchi moja. Wateja wakafuata. Watu wa kujionyesha na magari yao akaacha kuwafuata kabisa. Kundi la ukoo akalinyamazisha mpaka amalize kazi, na hakufanya kwa siri. Aliwaandikia: "Ndugu zangu, mchana niko kwenye cherehani. Likitokea jambo, nipigieni." Wakamjibu kwa vidole gumba, kaka yake mkubwa akiwa wa kwanza.

Juzi jioni alifunga cherehani, akafungua kundi. Nikamwona anapitisha kidole: maua, dua, maua, maua. Kisha kidole kikasimama. Asubuhi kaka mkubwa alikuwa ameandika kwamba mama yao ahamie kwake, nyumba ipangishwe. "Asiyeafiki aseme kabla ya mchana. Aliyenyamaza amekubali." Alasiri akaongeza: "Tumeafikiana sote. Mama anahama leo."

Sote! Mtu ana namba ya dada yake, anajua fika mchana hasomi kundi, halafu anakichukua kimya chake na kukifanya kura! Nilitaka kutukana, lakini mke wangu alikuwa ameshavaa viatu.

Tulimkuta mama mkwe sebuleni, amekaa juu ya furushi la nguo. Madirisha yalikuwa matupu. Hata mapazia aliyoshonewa na bintiye yalikuwa yameng'olewa. Kaka mkubwa alikuwa ametoka kutafuta gari la kubebea kitanda.

"Hata wewe, mwanangu?" mama akauliza. "Wameniambia umekubali."

"Sikuulizwa, mama."

"Basi tuko wawili."

Mke wangu akalia kwa hasira, nami sikumtuliza. Hasira ile ilikuwa haki yake. Alipopangusa macho akafungua kundi la ukoo, akamsogezea mama simu mdomoni.

"Sema mwenyewe, mama. Wote watakusikia."

Mama akakohoa kidogo. "Ni mimi mama yenu. Nyumba hii ni yangu, na sijamwambia mtu yeyote kwamba nataka kuhama. Kama kunyamaza ni kukubali, haya, mimi nimesema. Na nyinyi semeni."

Tukangoja. Hakuna aliyepiga. Punde simu ikaanza kulia mfululizo, ujumbe juu ya ujumbe. Mke wangu akautazama wa kwanza, wa pili, wa tatu, akafumba macho. Watu wazima, wenye watoto wao, wameulizwa na mama yao mzazi!

"Wanasemaje?" mama akauliza. Miwani yake ilikuwa imefungashwa.

"Wametuma maua, mama."

"Maua?" Akainuka kutoka kwenye furushi. "Kwani nimeshakufa?"

Akainama, akalifungua fundo, akavuta pazia moja na kumrushia bintiye.

"Rudisha dirishani."