Lipu ya Ghala la Chumvi

Ghala lilikuwa la chumvi. Kwa miaka mingi chumvi ya Uvinza ilifika Kigoma kwa mabehewa, ikarundikwa humo ndani kwa magunia, ikangoja boti za kuivusha ziwa kwenda Kongo na Burundi. Kabla ya reli ilibebwa vichwani, na kwetu Tabora bado kuna familia zinazojisifu kwamba babu yao alikuwa mpagazi. Jengo lenyewe ni la mawe, limekaa ukingoni kabisa mwa maji, na kuta zake ni nene kiasi kwamba mtu mzima anaweza kukaa dirishani na miguu yote juu. Mwenye nalo, mfanyabiashara wa palepale mjini, alitaka liwe nyumba sita za kupangisha. Aliziita apatimenti. Majirani waliendelea kusema ghalani, na hata leo mpangaji akipanda bodaboda husema hivyohivyo, maana akisema apatimenti hafiki.

Mimi ndiye niliyesimamia kazi. Nilizaliwa Tabora, hospitali ya Kitete, nikasomea ujenzi chuoni, na hii ilikuwa kazi yangu ya kwanza isiyo na mtu juu yangu isipokuwa mwenye mali. Nilikuwa na kiburi, sina sababu ya kuficha. Kofia ngumu nilivaa hata nikienda kunywa chai.

Fundi wa lipu nilimtoa Ng'ambo, Tabora. Alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, na nusu ya nyumba za mtaani kwao zilipita mikononi mwake. Mafundi wa aina yake hawana cheti, wana jina. Nyumba mpya ikimalizika, watu wanaokuja kupongeza hupitisha kiganja ukutani na kuuliza, kazi ya nani hii? Jina likitajwa, kazi inayofuata imepatikana. Lisipotajwa, fundi anakaa nyumbani.

Siku ya kwanza alizunguka ghala zima. Kisha akalowesha kidole kwa mate, akakisugua ukutani, akakilamba. Akasogea ukuta wa pili, akafanya vilevile. Vibarua wa Kigoma wakaanza kucheka. Mmoja akasema huyu Mnyamwezi hakupewa chai.

"Injinia," akaniambia alipomaliza, "ukuta huu umekula chumvi mpaka ndani. Simenti haitakaa. Tuchimbe shimo tuzime chokaa kwa maji, tupige nyembamba, tungoje, tupige tena. Ukuta upate kupumua."

"Tungoje mpaka lini?"

"Mpaka uache kutoa unga wa chumvi. Pengine masika yote."

Masika yote sikuwa nayo. Nilishamwahidi mwenye ghala kwamba wapangaji wataingia kabla ya mvua, na niliona haya kurudi kwake kumwambia kwamba mzee mmoja amelamba ukuta. Nikasema tunapiga simenti. Hakubishana. Alisema, "Wewe ndiye injinia," akaenda kubadili nguo. Kazi aliifanya kwa uangalifu uleule, imenyooka, hujui fundi ameunga wapi.

Mvua za kwanza zilipopita, kuta zikaota unga mweupe. Baada ya wiki chache lipu ikafanya malengelenge kama mkono ulioungua, kisha ikaanza kubanduka vipande vipande. Kimoja kilianguka juu ya kitanda kipya ambacho bado kilikuwa na nailoni yake. Mwenye ghala akaja asubuhi, akaokota kipande, akakivunja kwa vidole viwili, akauliza:

"Nani alipiga lipu hii?"

Kwa Kiswahili chetu lipu hupigwa na mwenye mwiko. Aliyeamuru hajapiga chochote. Nilijua vizuri sana mwenye ghala anauliza nini, lakini nikamjibu lile alilotamka.

"Mzee," nikasema.

Mzee alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwetu. Alinitazama kwa muda, nadhani akingoja nimalizie sentensi. Sentensi ilikuwa imekwisha. Aliambiwa akusanye vifaa vyake, na treni iliyofuata akapanda. Stesheni sikumsindikiza, nilijitia nina shughuli ya mabomba.

Baada ya hapo nilichimba shimo, nikazima chokaa, nikapiga nyembamba, nikangoja. Masika yote. Mwenye ghala, aliyekuwa ameshaona simenti ikimwangukia, safari hii alinipa muda bila neno. Kuta zikakaa. Akaniambia mbele ya watu kwamba elimu ni kitu kizuri.

Mwaka uliofuata nilikwenda nyumbani kuwaona wazazi. Karibu na hospitali palikuwa na watu wanajenga fremu za maduka, na mzee yule nikamkuta hapo anachekecha mchanga. Mwiko alikuwa nao mtu mwingine.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kigoma kwema?"

Nikasema kwema. Nikauliza mbona yuko kwenye mchanga, nikajuta kuuliza. Aliyejibu ni yule mwenye mwiko: habari zilishafika Tabora kwamba mzee ameharibu ghala la watu. Mafundi hawakuziamini, ila wenye nyumba waliziamini, na wenye nyumba ndio wanaoajiri.

Roho iliniuma kweli. Nikasema kwa sauti, wote wasikie, kwamba simenti niliiamuru mimi, na mzee alinikataza.

Mwenye mwiko akaupangusa kwenye suruali. "Sasa unatuambia sisi ili iweje, dada? Sisi tulijua. Kamwambie aliyemfukuza."

"Nitampigia," nikasema. "Wiki hii hii."

Mzee alisema, "Haya, mwanangu," akaendelea kuchekecha.

Sikupiga wiki ile. Wala iliyofuata. Mwishowe alipiga mwenye ghala mwenyewe. Alikuwa amenunua ghala jingine, mbele kidogo kwenye ufuko uleule, na alitaka nilisimamie mimi. Nilimshukuru. Nilisimama, sijui kwa nini, maana nilikuwa peke yangu chumbani.

"Bosi, kuna jambo nataka kukueleza," nikaanza. "Kuhusu lipu ile ya kwanza."

"Aa, hayo yamepita," akasema, akicheka. "Ila safari hii usiniletee yule mzee wako."

Nikasema, "Sawa, bosi."