Wayua na usingizi wa mbwa watatu wa tumbo moja

Kitendawili! Sema "tega", usione haya. Mgeni wangu hapigi hodi wala hagongi mlango, lakini akiingia, hata shujaa hulala chini.

Umeshindwa? Basi nipe mji. Sitaki wa mbali. Nipe huu huu wa Machakos, pamoja na vilima vyake vya Iveti, niutawale kidogo kisha nikurudishie na jibu lake. Mgeni huyo ni usingizi. Na pale Mumbuni kuna mama mmoja ambaye usingizi umemtia mashakani mwaka mzima. Si usingizi wake. Ni wa mbwa.

Saa kumi na moja alfajiri, ukungu ungali umelala juu ya Iveti kama blanketi lililosahauliwa. Wayua Mutiso yuko nyuma ya nyumba ya mwajiri wake, anakoroga uji wa mahindi na mifupa kwa mwiko mrefu. Moshi wa kuni unapanda polepole, unakutana na ukungu, na baada ya hapo hakuna anayeweza kusema upi ni upi.

Mlango wa banda unasukumwa kutoka ndani. Anatoka mbwa wa rangi ya majivu, mrefu, anatembea taratibu kama ng'ombe aliyekumbuka jambo. Anakuja hadi alipochutama Wayua na kumwekea kidevu begani.

"Umeamka?" anamuuliza.

Kila asubuhi humuuliza hivyo, na kila asubuhi hungoja mkia ujibu. Mkia unagonga debe la maji: du, du, du.

"Haya basi. Ameamka."

Jina la mbwa ni Kanini, ambalo kwa Kikamba ni kadogo. "Alizaliwa wa mwisho, yuko tu kama panya," anasema Wayua, na kicheko chake kinamtikisa mabega. "Sasa ona. Mgeni akisikia naita Kanini, anatafuta paka."

Wenye vitabu huita aina hii Great Dane. Mumbuni hawana haja na vitabu. Wao humwita mbwa-punda.

Wayua ana miaka sitini na mmoja. Alizaliwa mwaka wa njaa, na ndiyo maana ya jina lake. Alisoma hadi darasa la sita, akaolewa, akafiwa, akalima, na miaka hii tisa amekuwa mlezi wa mbwa kwa Mama Phyllis, mfanyabiashara wa nguo mjini. Mshahara wake ni shilingi elfu kumi na mbili kwa mwezi. "Kanini anakula mshahara wangu wote," anasema, "halafu analamba sufuria."

Jirani yake Nthenya hamwachi apumue. Anapopita kwenda kuteka maji, hupaza sauti juu ya ua:

"Wayua we! Mtoto wa njaa anapikia mbwa! Hiyo ikibaki uniite!"

"Njoo na sahani, Nthenya. Lakini Kanini ndiye anagawa!"

Miaka mitano iliyopita mbwa jike wa Mama Phyllis alizaa, na baada ya siku chache akafa. Wayua akabaki na watoto wanane wasiofungua macho. Aliwanywesha maziwa kwa chupa, akawalaza kwenye karatasi za gunia jikoni kwake, akawa anaamka wakilia kama mama mwenye mtoto mchanga. Walipokua wakatawanyika. Kanini akabaki Mumbuni. Dada yake, Wingu, akaenda Kyumbi kulinda ghala la vifaa vya ujenzi. Musumbi, yaani mfalme, kifungua mimba, akapelekwa Syokimau kwenye nyumba ya tajiri mmoja mwenye geti la umeme.

"Musumbi ndiye alinisumbua kuachana naye," anasema Wayua. "Alitazama nyuma mpaka gari likapotelea kwa kona."

Sasa sikiliza shida ilivyoingia.

Mwaka jana Kanini alijikata mguu kwa bati. Daktari wa mifugo wa mtaa huo, Winfred Mbithi, alikuja kumshona. Akampima uzito, akampimia dawa, akamdunga sindano ya usingizi ili mbwa asihisi uchungu. Mshono ukaisha. Kanini alitakiwa aamke kabla ya chakula cha mchana.

Mchana ukaja ukapita. Jua likazama nyuma ya nyumba. Kulipokucha tena, Kanini bado alikuwa amelala, ubavu wake ukipanda mara moja, halafu kimya, halafu ukipanda tena.

"Unangoja avute pumzi mpaka wewe ndiye unasahau kuvuta," anakumbuka Wayua.

Daktari alimwekea maji ya mshipani, akamfunika, akafanya yote aliyoyajua. Wayua naye akafanya alilolijua. Alikaa chini kando ya kichwa cha mbwa akamtegea vitendawili. Vyote alivyoachiwa na nyanya yake: vya kuku, vya mvua, vya nyumba isiyo na mlango. "Namwambia, Kanini, sema tega. Hasemi. Namtegea tu. Nilifikiri, akisikia swali halijajibiwa, hawezi kwenda."

Siku ile ya pili, saa ambayo ng'ombe hurudi kutoka malishoni, makucha ya Kanini yakaanza kucheza. Mguu mmoja, halafu miguu yote, kama mbwa anayekimbia mahali penye nyasi ndefu tusipopaona sisi.

"Nikamwambia daktari, huyo anakimbia. Anarudi nyumbani."

Kabla giza halijaingia, mkia ukagonga sakafu.

Daktari Winfred hakulichukulia jambo hilo kama muujiza wa kusimuliwa tu. "Dawa ikimletea mnyama madhara ambayo hukuyatarajia, unaripoti kwa ofisi inayosimamia dawa za mifugo," anaeleza. "Niliripoti. Lakini ripoti ya mbwa mmoja ni kama figa moja. Utaweka sufuria wapi?"

Wayua aliposikia hivyo, akawakumbuka watoto wake wengine. Akampigia simu Mutanu, mama anayemlisha Wingu kule Kyumbi.

"Asi! Kumbe hata wako?" Mutanu akashtuka. "Wangu alidungwa hiyo hiyo akitolewa jino. Akalala mpaka kesho yake. Mimi nilinyamaza, mwaitu, mama yangu. Wangesema nimempa sumu."

Hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe. Mbwa hawa ni wa matajiri, na wanaowajua ni maskini. Mbwa akiumwa, wa kwanza kuulizwa ni mlezi, na wa kwanza kufukuzwa ni yeye. Basi walezi hufunga midomo, na dawa huendelea na safari yake. Daktari alimpa Mutanu neno lake kwamba katika ripoti jina la mlezi halihitajiki; kinachotafutwa ni dawa, kiasi chake, na mbwa alivyokuwa. Mutanu akasema. Figa la pili likapatikana.

Miezi mitatu iliyopita Wayua alikuwa akimsugua Kanini vumbi alipogusa kitu ubavuni. Kilikuwa kama punje ya haragwe. Sasa ni kama chungwa.

"Lazima uvimbe ule utoke," anasema Daktari Winfred, "na siwezi kumkata mbwa akiwa macho." Kisha anaeleza kinachomnyima amani, na anaeleza polepole ili Wayua aliye kando yake aelewe kila neno. Mbwa wakubwa namna hii wengi huwa na moyo dhaifu, na udhaifu huo waweza kujificha hata ukisikiliza kifua. Ikiwa Kanini alilala vile kwa sababu ya moyo wa ukoo wao, basi usingizi wowote waweza kuwa wa mwisho, na heri aachwe na uvimbe wake. Ikiwa ni ile dawa ndiyo haipatani nao, atatumia nyingine, na Kanini atapona.

Anayejua ni Musumbi, naye alikufa.

Alikufa mwaka juzi, mwenye miaka mitatu tu. Mlezi wake, Muiruri, alisema ni nyoka. Lakini Wayua hakuamini hata siku moja. Alimpigia simu, akamweleza habari za Kanini na Wingu, akamtajia na jina la dawa, kisha akauliza swali moja: "Muiruri mwanangu, Musumbi alilala namna gani siku ile?"

"Mama, mtandao unasumbua," Muiruri akajibu, na simu ikakatika.

Alipiga mara nyingine. Mtandao ukasumbua tena.

"Kama alikufa tu hivyo, bila dawa, nitajua ni moyo," anasema Wayua, akipitisha kiganja juu ya ule uvimbe bila kuugusa. "Nitamrudisha Kanini jikoni kwangu tungoje pamoja. Kama alidungwa ile ile, basi ni dawa, na Kanini atakatwa apone. Lakini anijibu. Swali likikaa bila jibu linaoza ndani ya mtu."

Asubuhi hii Daktari Winfred ana mbwa wa kuchanja Syokimau, na Wayua ameomba lifti. Si yeye peke yake. Kanini amepanda nyuma ya pikapu, kichwa kikiwa juu ya paa la gari, masikio yakipepea kama khanga kwenye kamba.

Kyumbi, wauza matunda wanaacha mizani kuwatazama. "Punda amepanda gari!" anapiga kelele mmoja. Jua linachomoza nyuma yao, upande wa Iveti, nyasi zote zinakuwa rangi ya asali, na Kanini anafumba macho kwa upepo. Anaonekana kama mbwa anayeota hali amesimama.

Syokimau, vijana waliokaa kwenye ukuta wanaruka chini.

"Niaje mathe! Hiyo ni dogi ama ni ng'ombe?"

"Ni mtoto wangu. Msalimie."

"Zii, mathe, tumemsalimia kutoka huku huku!"

Geti linafunguliwa na mwanamume mwembamba mwenye koti la kazi. Ni Muiruri. Mwajiri wake ameenda ofisini. Muiruri anamtazama Wayua, anamtazama daktari, na maneno ya kuwafukuza yako tayari mdomoni. Kisha Kanini anashuka kutoka kwenye pikapu.

Mkono wa Muiruri unabaki juu ya geti. Rangi ni ile ile ya majivu. Ile ile alama nyeupe kifuani.

"Musumbi," anasema, kwa sauti ya mtu anayesema usingizini.

"Ni dadake," Wayua anamwambia. "Anaitwa Kanini. Ana kiu tu. Tunapita."

Kanini hangoji kukaribishwa. Ananusa ukuta, ananusa njia, anafika kivulini penye tangi la maji. Pale pana mawe matatu yaliyopangwa. Mbwa mrefu hanywi vizuri chini, lazima karai liinuliwe, na mawe yale hayajaondolewa tangu mwaka juzi. Muiruri anaingia ndani ya kibanda chake, anatoka na karai kuukuu. Analijaza maji, analiweka juu ya mawe. Hakuna aliyemtuma.

Kanini anakunywa, anajizungusha, anajilaza.

Wayua anaketi juu ya kreti ya soda. Swali lake haliulizi tena. Anazungumza tu, kama mtu anayechambua mboga. Anaeleza kwamba Mama Phyllis anafunga duka Desemba, anahamia kwa mwanawe, na Kanini amepewa yeye.

"Nimemtengenezea kibaraza kwangu, upande wa jua la asubuhi," anasema. "Ni mawe na udongo tu, lakini nimekisiliba vizuri. Nataka azeeke hapo. Akitaka kukimbia, akimbie ndotoni, miguu isimuume. Na akipona, nitazunguka nyumba zote zenye mbwa hawa nikiwaambia walezi wasiogope kusema. Hiyo ndiyo kazi nimebakiza."

Daktari Winfred anamwambia Muiruri neno lile lile alilomwambia Mutanu. "Sitafuti mtu wa kulaumu. Jina lako halitaandikwa."

Mbali kidogo, treni ya Nairobi inapita na kilio chake kinayeyuka hewani. Kivuli cha tangi kinasogea. Ubavu wa Kanini unapanda, unashuka. Macho yake yamefumbwa, na mgeni yule asiyepiga hodi ameshaingia.

Kisha kucha moja inacheza. Halafu mguu. Halafu miguu yote minne inaanza kukimbia hewani, taratibu.

Muiruri anaruka. "Mwamshe!"

"Anaota tu," Wayua anasema.

"Mwamshe, mama! Usimwache! Mwamshe!"

"Kanini," Wayua anaita. "Umeamka?"

Mkia unagonga tangi: du, du, du.

Muiruri anakaa chini pale pale kwenye vumbi, koti lake la kazi na yote, na mkono wake unatafuta shingo ya mbwa mpaka unaipata.

"Alilala hivyo," anasema. "Hivyo hivyo, mama. Asubuhi alikuwa ameruka huu ua mzima, hakuwa na ugonjwa hata kidogo. Lakini wakwe walikuwa wanakuja kwa ruracio, kuleta mahari ya msichana wa hapa, na mdosi alisema wasikutane na simba kwa geti. Mimi ndiye nilimwita mtu wa dawa. Akamdunga ile ile ulinitajia kwa simu. Kidogo tu, mama, ilifika hapa." Anaonyesha pingili ya kidole. "Wageni wakaingia, wakaimba, wakala. Mimi nilikuwa nakuja kumwangalia, naona miguu inakimbia. Nikafurahi. Nikasema anaota, wacha aote. Sikumwamsha."